Kutoka Dundori hadi Ol Njorowa: raha ya baiskeli, hadhari ya maji

MWENDA pole hajikwai, walisema wahenga wetu. Ijapokuwa siku hizo baiskeli ilikuwa haijafika Dundori, methali hiyo inamfaa sana mtu aliyekalia tandiko lake huko juu na mteremko wa kuelekea Lanet ukimwita. Breki ikikubali, ni raha tupu. Breki ikikataa, hapana wa kumsaidia.

Wakazi wengi wa Nairobi, na hata wa jiji la Nakuru lililo karibu, huijua Dundori kupitia kwa gunia la viazi au kabeji lililofika sokoni. Ni sehemu ya baridi na ukungu, yenye msitu na mashamba, juu ya ukingo wa mashariki wa Bonde la Ufa. Huko baiskeli si mchezo. Hubeba mtungi wa maziwa, lishe ya ng'ombe, mtoto wa shule na wakati mwingine mgonjwa. Ile nzito nyeusi ya chuma, ambayo watu waliibandika jina Black Mamba, imelea familia nyingi.

Lakini baiskeli inaweza pia kumpa mtu kitu ambacho matatu haimpi, nacho ni nchi yenyewe. Abiria wa matatu hufika Naivasha akiwa amelala. Mwendesha baiskeli hufika akijua kila kilima kwa jina la msuli uliomuuma.

Safari ya namna hii, ya kubeba nguo na chakula chako kwenye keria na kulala njiani, si jambo geni wala si la matajiri pekee. Kazimierz Nowak, raia wa Poland asiyekuwa na fedha nyingi, aliondoka Tripoli mwaka wa 1931, akaivuka Afrika hadi ncha yake ya kusini, kisha akarudi kaskazini na kumalizia Algiers mwaka wa 1936. Alitumia baiskeli, na ilipombidi alitembea kwa miguu, alipanda farasi au alipiga kasia. Alikwenda kiasi cha kilomita 40,000.

Nchini Ufaransa, kila majira ya joto watu humiminika na baiskeli zao kwenye makorongo ya mito ya Verdon, Ardèche na Tarn, ambako maji yamechonga mawe ya chokaa hadi yakawa kuta ndefu. Na Mkenya asidhani mambo hayo hayamhusu. Chris Froome, aliyeshinda mashindano ya Tour de France mara nne (2013, 2015, 2016 na 2017), alizaliwa Nairobi na kufunzwa baiskeli akiwa kijana na David Kinjah huko Kikuyu.

Je, sisi hatuna makorongo? Tunayo, na moja linafikika kutoka Dundori kwa siku mbili bila kujiua kwa haraka.

Njia mbili

Kutoka Dundori kuna njia mbili za kufika Gilgil. Ya kwanza hushuka hadi Lanet na kuingia barabara kuu ya Nakuru kwenda Nairobi. Siku isiyokuwa na ukungu, macho hufaidi kweli huko bondeni. Lakini barabara kuu hiyo ndiyo hupitisha malori ya kwenda Uganda, Rwanda na Kongo, na dereva wa trela anayelipita trela jingine hana nafasi ya kumfikiria mwenye baiskeli. Msomaji aliye na familia aiepuke kadiri awezavyo.

Ya pili huonekana kama kurudi nyuma. Hupanda kutoka Dundori hadi uwanda wa Ol Kalou, kisha hugeuka kusini na kushuka hadi Gilgil. Hii ndiyo tunayoipendekeza. Asubuhi kuna baridi inayouma vidole, na kwa kuwa eneo hilo liko zaidi ya meta 2,000 juu ya usawa wa bahari, pumzi huisha mapema kwa mtu aliyezoea mahali pa chini. Asione haya kushuka na kusukuma. Kwa mtu wa kawaida mwenye mzigo, kwenda kilomita nane kwa saa moja mlimani si haba.

Kwenye miteremko, kanuni ni moja: punguza mwendo kabla ya kona, si ndani ya kona. Breki isikamatwe mfululizo, kwani mipira huchemka na kupoteza nguvu. Ikamate, iachilie, uikamate tena, na utumie zote mbili, ya mbele na ya nyuma. Mwenye baiskeli kuukuu ya breki za vyuma ashuke na kuiongoza kwa mkono pale panapotisha. Mzigo ulio kwenye keria huisukuma baiskeli kwa nyuma, na mtu huligundua hilo akiwa amechelewa.

Jiwe jeupe la Kariandusi

Anayesoma habari za makorongo ya Ulaya huenda akatafuta mawe ya chokaa katika safari hii. Hatayapata. Hii ni nchi iliyojengwa kwa moto. Menengai, ule mlima ulio juu ya Nakuru, ni volkeno iliyoporomoka kilele na kuacha shimo la upana wa kilomita kadhaa. Longonot na Olkaria pia ni volkeno. Majivu yake ndiyo udongo, na ndiyo vumbi jepesi linalomeza tairi wakati wa kiangazi na kugeuka tope la kunata mvua inyeshapo.

Hata hivyo, karibu na Gilgil kuna jiwe jeupe linaloweza kumdanganya mtu kwamba ni chokaa. Liko Kariandusi, upande wa Ziwa Elementaita. Jiwe hilo huitwa diatomaiti. Ni masalio ya viumbe vidogo mno, visivyoonekana kwa macho, vilivyoishi katika ziwa kubwa la zamani. Vilipokufa, maganda yao yalitua chini, tabaka juu ya tabaka. Ukilishika huliona jepesi kuliko ulivyotarajia.

Hapo hapo Kariandusi, mwishoni mwa miaka ya 1920, Louis Leakey alipata mashoka ya mawe yaliyochongwa na binadamu wa kale mamia ya maelfu ya miaka iliyopita. Sasa kuna makavazi madogo mahali hapo. Kwa mwanafunzi anayesoma historia, saa moja hapo ina faida kuliko kurasa kumi za kitabu, kwa kuwa anaona kwamba ziwa lilikuwepo mahali ambapo sasa pamekauka. Hilo litamsaidia kuelewa korongo lililo mbele yake.

Ndani ya Hell's Gate

Kutoka Gilgil hadi Naivasha ni kiasi cha kilomita 30, na kutoka mjini Naivasha barabara ya kusini mwa ziwa humfikisha mtu kwenye Mbuga ya Kitaifa ya Hell's Gate. Mbuga hii ilitangazwa rasmi mwaka wa 1984 na ina ukubwa wa kilomita mraba 68. Ni miongoni mwa mbuga chache nchini ambamo mgeni huruhusiwa kuingia kwa baiskeli au kwa miguu. Wale wasioweza kupanda milima ya Ol Kalou, kama vile mama mwenye watoto wadogo au babu, wanaweza kuja kwa gari na kukodi baiskeli karibu na lango. Familia ikakutana hapo.

Ndani, barabara ya vumbi hupita kati ya kuta nyekundu. Pundamilia, twiga na ngiri hula majani hatua chache kutoka njiani. Nyati nao wapo, basi usimsogelee kwa ajili ya picha. Mnara wa mwamba ulio karibu na lango umepewa jina la Gustav Fischer, Mjerumani aliyepita hapa mwaka wa 1883.

Mwisho wa barabara baiskeli huachwa, na wageni hushuka kwa miguu katika korongo la Ol Njorowa. Zamani Ziwa Naivasha lilikuwa kubwa zaidi, na maji yake yalipofurika yalitafuta njia ya kutokea kusini. Yalipita hapa na kukata mwamba laini wa majivu ya volkeno kama kisu kinavyokata sabuni. Ziwa lilirudi nyuma, lakini njia ya maji ilibaki.

Na njia ya maji haisahau. Mnamo Aprili 2012, mafuriko ya ghafla yaliwaua vijana saba wa kundi la kanisa waliokuwa matembezini katika korongo hilo. Mnamo Septemba 2019, maji yaliwachukua tena watu saba, akiwemo kiongozi wa watalii. Korongo likafungwa kwa muda.

Tuyatafakari hayo mawili. La kwanza ni kwamba kiongozi mwenyewe, mtu wa kazi hiyo, alikufa. Kujua njia hakuyazuii maji. La pili ni kwamba mvua inayoua si lazima ikunyeshee. Hunyesha juu vilimani, maji yakakusanyika na kuingia katika mfereji mwembamba wenye kuta ndefu, ambamo mtu hana pa kukwepea. Hata kalenda haitoshi. Masika ni Machi hadi Mei, na vuli ni Oktoba hadi Desemba, lakini mkasa wa 2019 ulitokea tarehe mosi Septemba.

Kwa hivyo, kabla ya kushuka, mzazi au mwalimu aulize maswali matatu. Je, jana au leo kumenyesha vilimani? Njia za kutokea ziko wapi, na ziko ngapi? Tutatoka saa ngapi? Wingu jeusi likionekana upande wowote, geukeni. Na askari wa mbuga akisema hapana, usimnong'oneze bei wala usimlilie kwamba watoto wametoka mbali. Anayekukatalia hapo anakupenda kuliko anayekukubalia.

Matayarisho

Kabla ya kuondoka, mpelekee fundi baiskeli aangalie breki, cheni na spoki. Beba pampu, viraka, tyubu moja ya akiba, spana na maji yasiyopungua lita mbili kwa kila mtu. Kila mmoja avae helmeti, mkubwa na mdogo. Vaa nguo za rangi inayoonekana, na usiendeshe baada ya jua kutua. Jizoeshe kwa majuma kadhaa kabla, kwa safari fupi za kilomita 20 au 30. Mwachie mtu wa nyumbani habari ya mahali mtakapolala.

Na kundi liende kwa mwendo wa aliye dhaifu kuliko wote. Yeye ndiye awe mbele. Akichoka, wote wapumzike. Akiogopa mteremko, wote washuke na kusukuma. Gilgil haihami, na korongo limesubiri maelfu ya miaka. Mkikuta leo halipitiki, rudini nyumbani mkiwa idadi ile ile mliyoondoka nayo, mpange siku nyingine.