Wakati katika Lugha ya Kuamuru Katuni: Kazi ya -li-, -ka-, -ki- na -me-

Makusudi ya makala haya ni kueleza jinsi wakati unavyoweza kupangwa katika lugha ndogo ya kuiamuru kompyuta ichezeshe katuni, endapo lugha hiyo itaandikwa kwa Kiswahili. Jambo hili laonekana kuwa la mafundi peke yao. Kwa hakika ni la sarufi, na ndiyo sababu naliweka mbele ya wasomaji wa jarida hili.

Katuni ni mfululizo wa picha zisizosogea, ziitwazo fremu. Sinema kwa desturi hutumia fremu 24 kwa sekunde, na televisheni ya Tanzania ilirithi desturi ya fremu 25. Njia iliyo nyepesi kwa mashine ni kulitaja kila tendo kwa namba ya fremu. Hebu tutazame taabu yake. Tuseme mwalimu wa Nachingwea ametunga katuni ya msimu wa korosho: bibi asema maneno yachukuayo sekunde 4, yaani fremu 100, na sungura aingia katika fremu ya 101. Mwenzake wa Ruangwa aipenda, lakini aitia sauti ya bibi mwingine, asemaye kwa Kimwera na kwa utulivu, sekunde 6. Sungura sasa amkatiza bibi maneno, na kila namba inayofuata hapana budi ihesabiwe upya. Katuni imefungwa kwa sauti moja.

Msimulizi wa Kiswahili hana taabu hiyo. Husema: "Bibi alisema, sungura akaingia, kima akicheka." Namba haimo, lakini mpangilio wa wakati umekamilika. Napendekeza viambishi hivi vipewe kazi ile ile katika lugha yetu.

Kwanza, -li- hufungua tukio. Pili, -ka- huegemea tendo lililotangulia na kungoja liishe. Basi amri ya -ka- isiyotanguliwa na kitu ihesabiwe kuwa kosa. Lakini -ka- haisemi nafasi iliyo kati ya matendo mawili. Msikilizaji huikisia, mashine haikisii. Kwa hiyo -ka- peke yake iwe na maana ya "mara moja", na atakaye kuchelewesha aandike "baada ya sekunde 2".

Tatu, -ki- huonyesha tendo linaloendelea ndani ya jingine: kima acheka maadamu sungura aingia, na akifika, kicheko hukoma. Hapa pana hatari, kwa kuwa -ki- hiyo hiyo hubeba sharti, kama tusemapo "mvua ikinyesha, tutapanda". Binadamu huzipambanua maana hizo kwa muktadha. Katika lugha ya mashine yafaa -ki- iachiwe wakati tu, na sharti lichukuliwe na neno "iwapo".

Nne, -me- huleta hali inayobaki. "Bibi amekaa" si habari ya tendo la kukaa tu. Bibi yungali pale kitini. Basi mashine iidumishe hali hiyo katika kila fremu mpaka amri nyingine iibadili.

Lasalia swali la mwanzo wa hesabu. Saa zetu zatufundisha jambo hapa. Mchana huhesabiwa kutoka mapambazuko na usiku kutoka machweo. Hatusemi saa kumi na tatu, bali twaanza tena saa moja. Vivyo hivyo kila tukio la katuni liwe na sifuri yake, ili lipate kuhamishwa zima mahali pengine katika hadithi bila ya kuguswa ndani.

Namba za fremu hazitupwi kabisa. Pigo la ngoma na mguu wa mchezaji lazima vikutane katika fremu moja, na hapo mtunzi ataje namba. Lakini iwe ni ruhusa, isiwe sharti la kila sentensi.

Yafaa kuonya mwishoni kwamba kufanikiwa kwa viambishi vya Kiswahili si hoja ya kuvihamishia katika Kimwera. Mwalimu wa Ruangwa atakaye kuandika amri zenyewe kwa lugha hiyo, na si sauti ya bibi tu, astahili lugha ya katuni iliyojengwa kutokana na nyakati za Kimwera chenyewe. Kazi hiyo yahitaji mwanasarufi aketi na wasimulizi kwanza, kisha ndipo fundi aitwe.