Joto Ndani ya Kikombe cha Resini

Chupa ya epoksi ikisema una dakika 40 za kufanyia kazi, kwa kawaida muda huo umepimwa kwenye nyuzi joto 20 hadi 25. Fundi wa hereni aliyeko Dar es Salaam mwezi Februari hana dakika hizo. Joto likipanda kwa nyuzi 10, kasi ya mmenyuko wa kikemikali huongezeka takribani maradufu, kwa hiyo chumba chenye nyuzi 32 kinaweza kumlia karibu nusu ya muda wake.

Na resini yenyewe huzalisha joto. Molekuli zake zinaposhikana na za kigumishi kinachochanganywa nayo, joto hutoka, na kwa kuwa mchanganyiko huo haupitishi joto vizuri, hubaki katikati. Uji kwenye sahani hupoa upesi. Ulio ndani ya sufuria huunguza ulimi. Gramu 200 zikisahauliwa kikombeni zinaweza kufuka moshi, kupasuka na kuyeyusha kikombe, ilhali zikitandazwa kwenye kalibu pana huwa ngumu taratibu. Changanya kidogo, mimina mara moja. Kwa kitu kinene, tafuta epoksi inayokuwa ngumu polepole.

Ipo resini ya poliesta, ile ya mafundi wa fibaglasi. Ni rahisi kwa bei, lakini harufu yake ni kali na husinyaa zaidi inapokuwa ngumu. Poliurethani haipatani na unyevu: ikikutana na maji hutoa kaboni dioksidi na kujaa viputo, hivyo ukanda wa pwani wakati wa masika ninaiogopa. Ile inayogumishwa kwa taa ya urujuanimno hufaa tabaka jembamba tu. Kwa hereni na vidani, mimi nachagua epoksi.

Ila epoksi haitaki kukisia. Katika poliesta, matone ya kichocheo huanzisha kazi, na ukiyaongeza kidogo, kwa kiasi anachoruhusu mtengenezaji, kasi hupanda. Kigumishi cha epoksi ni sehemu ya kitu chenyewe. Ukikizidisha ili ikauke haraka, ziada hukosa cha kushikana nacho, na kidani hubaki kinanata hata ukisubiri mwezi. Soma pia kama uwiano ni wa ujazo au wa uzito; kigumishi mara nyingi ni chepesi kuliko resini, na mizani itakupotosha ukichanganya mambo hayo mawili.

Ua bichi la bogenvilia lina maji. Ndani ya resini litageuka kahawia. Libane kati ya kurasa za gazeti hadi liwe kavu kabisa, kisha lilaze juu ya tabaka jembamba lililoanza kushika, umimine tena.

Vaa glavu kila mara, madirisha yakiwa wazi. Ngozi ikishapata mzio wa epoksi, mzio huo unaweza kudumu maisha yote, na wapo waliolazimika kuacha kazi hii wanayoipenda. Vumbi la msasa nalo lisiruke: piga msasa kwa maji.

Mnunuzi wa kishikio cha funguo aambiwe asikiache ndani ya gari lililoegeshwa juani. Epoksi nyingi za kazi za mikono huanza kulainika kwenye nyuzi 50 hadi 60, na dashibodi hufika huko mchana.