Mazoezi Baada ya Januari

Kila tarehe 1 Januari, Siku ya Mazoezi hapa Zanzibar, barabara hufurika watu, na viongozi wa Serikali huwa mstari wa mbele. Ifikapo Machi wengi hawaonekani tena. Wanaobaki ni wanavikundi, nao si mashujaa: wanajua tu kwamba asiyefika alfajiri ataulizwa na wenzake mchana. Kuulizwa huko ndiko kumtoako mtu kitandani. Shirika la Afya Duniani linawashauri watu wazima dakika 150 za mwendo wa wastani kwa wiki, kwa uchache, pamoja na siku 2 za mazoezi ya nguvu. Vyuma si lazima, pushapu zatosha kuanzia. Basi kila idara na iunde kikundi chake, na mkurugenzi naye aulizwe asipofika.