Tungule na Baridi: Si Kila Mbegu Huzaa Kila Mahali

Kila msimu wa kipupwe ukiingia, wakulima huniuliza swali lile lile: mbona tungule zangu zina majani mazuri lakini maua yapukutika? Wengi hulaumu mbolea, wakaongeza, na pesa zikapotea. Mimi naona tuanze na baridi ya usiku, kisha aina ya mbegu.

Mtungule hupenda mchana wa nyuzi 20 hadi 27. Usiku ukishuka chini ya nyuzi 13 hivi, chavua hudhoofika, ua likakosa kushika tunda. Chini ya nyuzi 10, mmea wenyewe hudumaa. Joto kali nalo huleta hasara hiyo hiyo: mchana ukipita nyuzi 32 na usiku usipoe, maua huanguka.

Sasa tazama kwetu. Usiku wa Julai hapa Mombasa huwa kama nyuzi 20 au 21. Hiyo kwa tungule si baridi, ni nafuu. Basi mkulima wa Kilifi au Kwale atie mbegu kitaluni Aprili au Mei, maua yafunguke ndani ya kipupwe, wala si katika joto la Februari.

Kule juu kwenye milima ya Taita hesabu ni nyingine, na hapo ndipo aina ya mbegu huamua. Cal J na Rio Grande ni fupi, nazo hutoa maua yao karibu kwa pamoja. Baridi ikiyakuta wakati huo, sehemu kubwa ya mavuno imekwenda. Money Maker hurefuka, hufungwa kwenye miti na huendelea kutoa maua. Yakianguka ya wiki hii, yapo ya wiki zijazo. Marekani wamezalisha Oregon Spring, ambayo hushika tunda kwenye baridi hata bila kuchavushwa, ndiyo maana hutoa matunda yenye mbegu chache.

Baridi yenye umande pia huleta baka chelewa, ugonjwa unaoweza kumaliza shamba kwa siku chache. Panda kwa nafasi, na umwagilie shinani asubuhi, si juu ya majani jioni.

Kwa hivyo, kabla ya kutoa pesa dukani, uliza mambo mawili: mbegu hii ni fupi au ya kurefuka? Na kwangu itatoa maua mwezi gani? Jirani kuvuna vizuri hakutoshi, ikiwa shamba lake liko mlimani na lako liko pwani.