Vitu Wavimezavyo Watoto Wetu

Mtoto atambaaye huijua dunia kwa mdomo. Akiokotacho hukitia kinywani kwanza, kisha ndipo akitazame. Kwa hiyo hatuandiki haya ili kuwalaumu akina mama, kwani ni chache mno nyumba, ziwe za Bukoba mjini au za migombani huko Kamachumu, ambazo mtoto hajapata kumeza kisicholiwa. Twaandika kwa sababu baadhi ya vitu vilivyoingia majumbani mwetu miaka hii havimpi mzazi nafasi ya kungoja hadi kesho.

Zamani hofu ilikuwa mwiba wa samaki na sarafu. Vitu vingi, vikisha kufika tumboni, hutoka vyenyewe kwa siku chache. Taabu kubwa ni vile vikwamavyo katika umio, yaani mrija upelekao chakula tumboni. Katika hospitali ya Bugando, Mwanza, ambayo ni ya rufaa kwa mikoa yetu hii ya Ziwa, madaktari walieleza mwaka 2011 habari za wagonjwa 98 waliokwamwa na vitu. Wengi wao ni watoto wasiozidi miaka miwili. Katika umio kilichoonekana zaidi ni sarafu, na katika njia ya pumzi ni karanga. (Bibi zetu wa Kihaya walikuwa na tahadhari yao: senene hawakaangwi mpaka wamenyonyolewa mbawa na miguu.)

Lakini kitu tukiogopacho kuliko vyote leo ni betri ndogo ya duara, mfano wa kifungo cha shati. Imo katika saa, katika rimoti, katika vidude vya kuchezea vinavyomulika ambavyo twawanunulia watoto siku ya Idi, na hata katika tasbihi za kubonyeza zivaliwazo kidoleni. Iliyo mbaya zaidi ni ile pana ya milimita 20, yenye volti 3, kwani upana wake hukwama sawasawa katika umio wa mtoto mdogo. Ikisha kukwama, mate huziunganisha pande zake mbili, umeme ukapita, na upande wa hasi hufanyika maji makali mfano wa soda ya kutengenezea sabuni. Nyama huanza kuungua katika muda wa saa mbili tu. Baadaye umio huweza kutoboka hadi njia ya pumzi au mshipa mkubwa wa damu, na watoto wengine wametokwa na damu siku kadhaa baada ya betri kutolewa. Betri iliyokwisha kushindwa kuendesha saa bado yaweza kuunguza. Tena mtoto huenda asionyeshe ila kikohozi, udenda na kukataa chakula, mzazi akadhani ni mafua.

Sumaku ndogo nazo, zikimezwa mbili au zaidi, huvutana utumbo ukiwa katikati, zikautoboa.

Jambo jingine latuhusu sisi hasa. Binti afungapo mtandio huzishika pini kwa meno. Akicheka au akiitwa ghafla, pini imeshuka, aghalabu kifuani katika njia ya pumzi. Madaktari wa Uturuki, Misri na nchi nyingine za Waislamu wameandika mengi juu ya mabinti waliopatwa na haya. Twawaona wanafunzi wetu wakifanya hivyo kila siku kabla ya somo, na wamejifunza kwa mama zao. Kitambaa chaweza kufungwa bila pini; au pini na zichomekwe begani kwanza.

Mtoto akisha kumeza, wengi wetu humpa tonge la ndizi au la ugali ili lisukume. Hilo ni kosa, kwani laweza kukizamisha zaidi kitu chenye ncha. Wala asitapishwe, wala asitiwe kidole kooni. Ikiwa ni betri, na mtoto amepita mwaka mmoja, na anaweza kumeza, apewe asali vijiko viwili vya chai kila dakika 10, visizidi mara sita, huku safari ya hospitali ikiendelea. Majaribio ya Philadelphia, Marekani, yaliyotangazwa mwaka 2018, yalionyesha kuwa asali hupunguza makali ya kuungua. Haiiondoi betri. Chini ya mwaka mmoja asali haifai kabisa.

Chukueni pia kidude kilichotoka betri ile, mkamwonyeshe daktari. Katika picha ya eksirei betri na sarafu hufanana, ila betri huonyesha duara mbili pembeni, na daktari aliyeambiwa mapema huitafuta alama hiyo. Walio karibu na Ndolage, Rubya au Kagondo wasipitilize hadi mjini kabla mtoto hajatazamwa. Na walio visiwani, Bumbire au Goziba, wasingoje boti ya asubuhi; mwenye mtumbwi wa mashine aamshwe usiku uleule.