Ordinatere ya zamani inaweza bado kutumikia nyumba



Katika nyumba nyingi hapa Lubumbashi kuna ordinatere ya zamani juu ya kabati, imefunikwa kitambaa. Ni ya polepole, hakuna anayeitaka, lakini hakuna anayethubutu kuitupa. Sisi pia tulikuwa nayo. Na kila jioni watoto waliomba pesa ya mega ili watafute masomo kwenye simu: huyu anajitayarisha kwa Exetat, mdogo wake naye ana kazi ya shule. Pesa ile ile ndiyo ya unga wa bukari. Tukajiuliza: masomo hayawezi kukaa hapa hapa nyumbani?

Yanaweza. Ordinatere inayotunza kurasa na kuzigawia simu zinazoziomba huitwa seva. Si lazima iwe mashine kubwa. Seva ya kwanza ya wavuti, mwaka 1990, ilikuwa ordinatere ya mezani ya Tim Berners-Lee kule CERN, karibu na Geneva. Aliibandika karatasi ya kuwaonya watu wasiizime.

Namna tulivyofanya ni hii. Kijana anayetengeneza ordinatere mtaani alinakili kwanza picha zetu kwenye flashi, kisha akaweka Linux, ambayo ni ya bure na haichoshi mashine ya zamani. Halafu akaweka Kiwix, programu ya bure iliyoanza mwaka 2007, inayofungua Wikipedia bila intaneti. Ile ya Kifaransa pamoja na picha inapita giga 30, kwa hiyo tuliipakua mara moja tu, kwa mtu mwenye intaneti nzuri. Ya Kiswahili ni ndogo zaidi. Mwisho akaiunganisha na rutere ya Wi-Fi. Rutere hutoa mawimbi ndani ya nyumba hata bila intaneti. Mtoto anaandika namba, kwa mfano 192.168.1.10, na kurasa zinafunguka. Hata mega moja haitumiki.

Tulipozoea, tuliweka pia sauti ya nkambo wetu akisimulia alivyofika mjini akiwa msichana. Hapo ndipo tulipokosea. Umeme ulikatika ghafula mara kadhaa katika juma moja, diski ikaharibika, na sauti ikapotea. Wikipedia tuliipata tena. Nkambo naye alikubali kuketi na kusimulia upya, lakini habari moja, ile ya safari ya treni, hakuikumbuka tena vizuri.

Ndiyo sababu tunawashauri hivi:

Kile ambacho hakipatikani penginepo, kiwekeeni nakala mbili, na moja ikae katika nyumba nyingine.

Mkiweza, tumieni ordinatere ya kubeba, kwani betri yake huisaidia umeme unapokatika. Lakini betri iliyovimba itolewe mara moja.

Iwekeni mahali penye hewa, mbali na mbabula, na muifute vumbi wakati wa kiangazi.

Wi-Fi iwe na neno la siri, na seva isifunguliwe kwa watu wa nje. Picha za watoto ni za jamaa.

Mwenye ordinatere juu ya kabati aishushe. Na mwenye nkambo aanze na sauti yake, leo.