Oman, kwa Anayekwenda Peke Yake

Uwanja wa ndege wa Moi wa Mombasa uko Changamwe, na siku za safari za Ghuba huhitaji kuuliza nani anakwenda kufanya nini. Mwanamke mmoja ana sanduku la magurudumu na tikiti ya kwenda na kurudi. Shangazi yake yuko Seeb na harusi ni wiki ijayo. Nyuma yake wamepangwa wasichana kutoka Mtongwe, Mshomoroni na Mikindani, kila mmoja na bahasha ya kaki mkononi, na kijana wa ajenti anawahesabu kwa kidole. Wote watabadilisha ndege Addis Ababa ama Dubai, na wote watashuka Muscat. Lakini Oman atakayoikuta yule wa harusi siyo watakayoikuta hawa, na tofauti yenyewe inaanzia kwenye viza.

Kwetu Oman si ugenini sana. Waomani waliwatoa Wareno Fort Jesus mwaka 1698, baada ya kuizingira tangu 1696, na baadaye ukoo wa Mazrui ukaushika mji hadi 1837. Majahazi ya Sur yalikuwa yakija na kaskazi kutia nanga Bandari ya Kale. Baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya 1964, na zaidi baada ya Sultan Qaboos kutwaa madaraka 1970, familia nyingi zilizozaliwa upande huu wa bahari zilihamia huko. Ndiyo sababu leo ukisimama kwenye foleni ya benki Muscat unaweza kusikia bibi aliyejifunika gubigubi akimgombeza mjukuu wake kwa Kiswahili cha Unguja mjini. Nchi ina watu kama milioni 5, na zaidi ya wanne katika kila kumi ni wageni waliofuata kazi.

Swali la kwanza la mwanamke yeyote ni barabara. Mtu wa Kisauni, aliyezoea kutia simu kifuani kabla ya kushuka matatu magharibi kwa hofu ya vijana wa panga, akifika ufukweni mwa Matrah saa nne za usiku atahisi kama ametaniwa. Watoto wanakimbizana, kina mama wamekaa ukutani na mikoba wameiweka kando tu, mishkaki inachomwa pembeni ya barabara. Wezi wapo, kama kila mahali, lakini kuporwa njiani ni jambo la nadra. Kinachosumbua ni macho. Ukienda Ruwi Ijumaa jioni, wakati vibarua wa kutoka Asia wamepumzika, utajikuta mwanamke peke yako katikati ya mamia ya wanaume, na wengi watakukodolea bila haya. Gari nalo linaweza kupunguza mwendo sambamba nawe na dirisha likateremshwa. Usijibu wala usicheke. Ingia duka lililo karibu, na mara nyingi gari litaondoka.

Hakuna sheria inayomlazimisha mgeni kuvaa buibui, ila kwa dada wa Pwani buibui lake ni faida kubwa kuliko ajuavyo, kwani linampitisha sokoni kama mwenyeji. Asiyevaa buibui afunike mabega na magoti. Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos, uliofunguliwa 2001, hupokea wasio Waislamu asubuhi, na hapo nywele, mikono na miguu vyote viwe vimefunikwa. Nguo za kuogelea ni za hotelini. Kwenye fukwe za umma ingia na dera lako.

Muscat si mji wa kutembea kwa miguu. Umelala kando ya bahari kwa makumi ya kilomita, na mtaa mmoja umetengwa na mwingine kwa barabara kuu ambayo kuivuka ni kujitakia ajali. Mabasi ya Mwasalat ni safi, na viti vya mbele huachiwa wanawake. Teksi ni nyeupe zenye rangi ya machungwa, nyingi hazina mita, kwa hiyo patana bei kabla ya kupanda, na ukae nyuma. Ukikaa mbele na dereva utakuwa umetuma ujumbe usioukusudia. Wenye simu za kisasa huita teksi kwa programu, na zipo zinazoendeshwa na wanawake. Riali moja ni zaidi ya shilingi zetu 300, basi hesabu kabla ya kuingia, maana bei ikitajwa kwa riali mbili tatu masikio hudhani ni kidogo.

Mahali pamoja pa kufurahisha ambapo wageni wengi hupapita bila kujua ni Ibra, mji wa ndani wenye nyumba nyingi zilizojengwa kwa mali ya Zanzibar. Kila Jumatano kuna soko la wanawake pekee. Wauzaji ni wanawake na wanunuzi ni wanawake, wamekaa chini kwenye mikeka na vitambaa, hina, ubani, mafuta ya nywele na vipodozi vya kienyeji, na bei inapiganiwa kwa kelele ambazo zingetosha kuamsha Kongowea nzima. Mwanamume akichungulia hufukuzwa kwa maneno. Hapo ndipo mgeni aliye peke yake hupata watu wa kumwelekeza nyumba ya kulala na dereva wa kuaminika.

Kuna hatari nyingine ambayo Mwomani mwenyewe anaiogopa kuliko mwizi: maji. Mabonde makavu yaitwayo wadi hufurika ghafla mvua ikinyesha milimani, hata kama ulipo wewe jua linawaka. Kimbunga Gonu cha Juni 2007 na Shaheen cha Oktoba 2021 viliua watu, na kila msimu kuna gari linalosombwa kwa sababu dereva alidhani atawahi kuvuka. Wadi Shab ni pazuri kweli. Nenda na kundi, na ukiona mawingu mlimani geuka. Joto nalo si la kuchezea. Mjini Quriyat, tarehe 26 Juni 2018, kipimo hakikushuka chini ya nyuzi 42.6 usiku na mchana. Anayetaka kijani kibichi, minazi na ndizi kama za Likoni aende Salalah kati ya Juni na Septemba, msimu wa manyunyu, ingawa ni safari ya karibu kilomita 1,000 kutoka Muscat.

Vitabu vya utalii hukomea hapo, na kwa yule mwanamke wa harusi vinatosha. Kwa wale wa bahasha ya kaki havijaanza. Wao wanaingia kwa viza ya kazi chini ya kafili, yaani mwajiri anayewadhamini, na usalama wao haupimwi kwa barabara kwa sababu barabara hawataiona. Unapimwa kwa kilicho ndani ya geti: nani anashika pasipoti, nani anashika simu, chumba cha kulala kina kitasa ama hakina. Human Rights Watch iliwahoji wafanyakazi wa ndani 59 kwa ripoti yake ya 2016 kuhusu Oman, na mwaka 2017 ikawahoji Watanzania 50 waliofanya kazi Oman na Emirati. Malalamiko yalijirudia: pasipoti kufungiwa, mishahara kushikwa, kazi bila siku ya mapumziko, na wengine kupigwa ama kushikwashikwa na wanaume wa nyumba.

Waajiri walikatazwa kushika pasipoti tangu 2006, lakini wengi huzishika. Sheria mpya ya kazi ya 2023 iliwaacha nje wafanyakazi wa majumbani, ambao mambo yao hupangwa kwa maagizo ya waziri. Aliyetoroka, ama aliyekwenda kemboi kama wasemavyo Wakenya wa Ghuba, anaweza kuripotiwa na kafili kuwa mtoro, na hapo mdai wa mshahara anageuka mshtakiwa. Uhusiano nje ya ndoa ni kosa la jinai, kwa hiyo aliyebakwa hufikiri mara mbili kabla ya kwenda kituoni. Asiende peke yake. Kumtukana bosi TikTok kunaweza kumweka mtu ndani, kwa kuwa sheria ya makosa ya mtandao ipo tangu 2011. Na dada anayeahidiwa ndoa na kijana wa kule aombe kuonyeshwa cheti, si picha za pete. Hadi Aprili 2023 Mwomani alihitaji idhini ya serikali kuoa mgeni, na siku hizi kisingizio cha kusubiri idhini hakipo tena.

Kazi kubwa ya usalama basi hufanyika Mombasa kabla ya bahasha kufungwa. Mamlaka ya Ajira ya Taifa huorodhesha ofisi zenye leseni. Ajenti ambaye jina la ofisi yake halimo, ama anayesema utaenda kwa viza ya matembezi kisha mambo yatapangwa hukohuko, usimpe hata nauli ya tuktuk. Mkataba usomwe kwa lugha unayoijua na nakala ibaki kwa mama nyumbani, pamoja na nakala ya pasipoti na jina kamili la kafili. Namba muhimu ziandikwe kwenye karatasi, kwani simu ndicho kitu cha kwanza kuchukuliwa. Kesi zikiharibika, familia za hapa huenda Haki Africa ama Trace Kenya, mashirika yaliyoko Mombasa, na humaliza haraka zaidi zikiwa na karatasi hizo kuliko zikiwa na machozi matupu.

Ubalozi wa Kenya uko Muscat. Wikendi ya Oman ni Ijumaa na Jumamosi, kwa hiyo shida ya Alhamisi jioni husubiri Jumapili ofisini. Polisi hawana wikendi: namba yao ni 9999, na unaweza kuipiga hata kwa simu uliyoazima kwa mlinzi wa jirani.